Korido ya Watu Wawili

Asubuhi ya Jumamosi ile Uliana alikuwa amepiga magoti koridoni, anapima sakafu kwa futi ya kushonea ya bibi yake. Upana, sentimita themanini na tano. Urefu, kutoka mlango wa kuingilia mpaka kwenye kabati, mita mbili na tisini. Akapima tena, labda kuta zingemwonea huruma zikasogea. Hazikusogea. Akaandika namba zile kwenye simu, chini ya maneno aliyoyaandika jana yake: Mpango wa Mama.

Mama yake, Larisa, alikuwa Poland, anafua mashuka ya mahoteli kwenye kiwanda cha dobi, yuko huko na mdogo wake Uliana, Timko, mtoto wa miaka mitano. Uliana naye aliwahi kuishi huko. Alirudi Kharkiv, Ukraine, bibi alipoanguka akavunja nyonga, aje amsaidie mwezi mmoja tu. Mwezi wenyewe ulikuwa umefika miezi kumi na sita. Muda wote huo hakumwona mama yake ila kwenye simu, na kwenye simu mama alikuwa paji la uso na dari.

Sasa mama amepata ruhusa ya siku nne, mbali na za safari. Ila Larisa hakuwa mtu wa kupanda treni hivihivi. Alitaka mpango ulioandikwa, kila saa na kila hatua, kwa sababu yeye akipatwa na jambo, Timko anabaki na nani? Na tiketi ilibidi inunuliwe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja jioni, maana mabehewa yalikuwa yanajaa.

Kuongea kulimshinda Uliana, kuandika hakukumshinda. Aliandika kwamba mama achague treni inayofika asubuhi, kafyu ikiwa imeshaisha. Stesheni asizubae, ashuke moja kwa moja kwenye treni ya chini ya ardhi, mabasi ayaache. Asipige picha ya askari wala ya jengo lililopigwa. Pasipoti, maji na betri ya kuchajia simu vikae kwenye begi moja, na begi likae mlangoni. Viatu alale navyo karibu, kamba zimelegezwa.

Alipofika kwenye king'ora alisita. Mama alikuwa anakumbuka siku za mwanzo za vita, unasikia king'ora, unashuka. Siku hizi, kwa jinsi mpaka wa Urusi ulivyo karibu, mara nyingi kishindo kilitangulia, king'ora kikafuata, kama mtu aliyechelewa msibani anayeanza kulia ili aonekane. Uliana aliandika hivi: "King'ora kikilia tunaingia koridoni." Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Pa kuingia palikuwa hapo tu. Walikaa ghorofa ya saba. Chini ya jengo maji yalifika kwenye vifundo tangu bomba lipasuke. Stesheni ya chini ya ardhi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mwenye miguu, na kwa bibi, nusu saa. Bafu lilikuwa na vigae na kioo, vitu vinavyoruka kama visu. Ikabaki korido, yenye kuta mbili kati yako na nje, mmoja wa kupokea kishindo, mwingine wa kupokea vipande. Bibi alilala amenyooka, maana mguu wenye chuma haukukubali kukunjwa. Uliana alilala kwenye kipande kilichobaki, amejikunja, magoti kifuani. Kabati lisingeweza kuondolewa, lilikuwa limeziba mlango wa kioo wa sebuleni.

Saa nne mama akapiga, yuko kwenye mapumziko, mashine zinanguruma nyuma yake. Aliuliza kuhusu treni, akauliza kuhusu kafyu, akauliza kama umeme unakatika saa zilezile. Halafu akauliza kuhusu kulala.

"Koridoni," Uliana akasema.

"Wote watatu?"

Uliana akamtazama bibi yake. Bibi Zinaida alikuwa anamenya viazi jikoni, mlango wazi, na hakuinua macho. "Mwambie tunaenea," alisema.

"Tunaenea, mama."

"Maana ukiniambia wewe utalala chumbani, siji. Nakwambia mapema kabisa."

"Silali chumbani."

Mama akashusha pumzi. Akasema anataka kumshika nywele tu, basi, hata wasipoongea. Kisha mtu akamwita kwa Kipolandi, simu ikakatika.

Uliana alimpelekea bibi zile namba. Bibi akasema namba ni za kitambaa, watu wanabanana. Ili kumaliza ubishi akagonga ukuta kwa mpini wa kisu, na Mama Rimma, jirani wa mlango wa pili, akaja na ndala. Alikuwa dereva wa tramu, treni ndogo ya barabarani, ametoka zamu iliyoanza alfajiri, na sare bado iko mwilini. Bibi akamweleza kwamba alale koridoni, ajifanye yeye ndiye Larisa, wajaribu.

"Larisa mwembamba, mwenzangu," Mama Rimma akasema, huku anashuka sakafuni taratibu, goti moja, halafu la pili, halafu mengine yote.

"Alikuwa. Miaka mitatu ya mikate ya watu, unajua anarudije?"

"Basi nisilaumiwe mimi. Uliana, mama yako nimefika. Sogea, una viwiko kama misumari."

Uliana alijaribu kulala ubavu upande wa ukutani. Bibi akajaribu kunyoosha mguu, ukaishia tumboni kwa Mama Rimma, na Mama Rimma akauliza kama hivi ndivyo wageni wanavyokaribishwa ghorofa ya saba. Wakajaribu kichwa huku na miguu kule. Wakajaribu bibi akae kwenye kigoda, mgongo mlangoni. Hivyo ndivyo walivyoenea, wawili wamelala na mmoja amekaa.

"Usiku tatu kwenye kigoda?" Uliana akauliza.

Kabla bibi hajajibu wakasikia Mama Rimma anakoroma. Alikuwa amelala kwelikweli, mdomo wazi, mkono juu ya godoro la watu. Bibi akasema aachwe, mtu akipata usingizi siku hizi haamshwi. Akachukua beseni lake la viazi akaendelea kumenya hapohapo kigodani.

Kishindo kikaja. Si karibu sana, lakini bati la balkoni lililia na vumbi likashuka kutoka kwenye balbu. Uliana alijikunja akafunika kichwa. Baada ya kama dakika moja king'ora kikaanza. Mama Rimma aligeuka upande wa pili, akavuta blanketi. Walikaa hivyo mpaka kikanyamaza, na hapo, kisu bado kiko kwenye kiazi, bibi alisema kwa sauti ya chini kwamba mama akija, yeye bibi atalala kitandani kwake.

"Kitanda kiko dirishani, bibi."

"Dirisha gani? Pale pana ubao. Kioo kilishaondoka zamani."

"Ubao ndio ukuta?"

"Tazama. Shuleni wanasema hufungui mdomo, ukiwa na mimi unakuwa wakili." Akatupa ganda kwenye beseni. "Nimechoka sakafu, Uliana. Usidhani ni kwa ajili ya mama yako. Nimechoka tu. Nataka kulala kwenye kitu chenye miguu, usiku tatu, kama mtu."

Uliana hakujua kama huo ni ukweli au uongo. Pengine ulikuwa vyote viwili, na ndiyo maana hakuweza kuubishia. Bibi akaongeza kwamba mama asiambiwe. Akijua hatakuja, na asipokuja sasa, ruhusa nyingine ni lini?

Mchana wote Uliana alizungusha jambo hilo. Alale yeye dirishani? Mama alishakataa. Waende kwa Mama Rimma? Korido yake ilikuwa na mumewe, mkwe wake na mbwa. Wakalale stesheni? Bibi angefika kumekucha. Wachukue chumba hotelini, ile yenye handaki chini? Bibi asingeziweza ngazi za ghorofa saba, angebaki peke yake. Kila alivyopanga, mtu mmoja alibaki nje. Alimtazama bibi akinyoosha shuka safi kwenye kile kitanda, taratibu, anapumzika kila kona, na aliona bibi ana furaha. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote.

Mama Rimma aliamka saa tisa, akauliza kama Larisa ameshafika. Akala viazi, akaondoka.

Saa kumi na nusu ujumbe wa mama ukaingia. "Nimesoma mpango wako wote. Zimebaki nafasi tatu. Swali moja tu. Bibi analala wapi? Nimekulia kwenye hiyo nyumba, Uliana. Naijua hiyo korido."

Uliana aliingia bafuni akajifungia, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameandika watu wasikae. Aliandika "tunaenea," akafuta. Aliandika "usije," akafuta upesi kuliko la kwanza. Alifikiria kichwa cha bibi kwenye mto, na ule ubao, na hewa inayopita pembeni ya ubao. Alifikiria mkono wa mama kwenye nywele zake. Kimoja hakikupunguza kingine hata kidogo. Saa kumi na dakika arobaini na tano akaandika bila kusimama, asije akajisoma:

"Korido ni ya watu wawili. Bibi anataka kulala chumbani kwake, dirishani, ili wewe upate nafasi. Amesema nisikwambie. Ameshatandika. Mimi nataka uje. Nataka uje sana mama, na sitaki alale pale, na sijui mpango wa hapo unaandikwaje. Niandikie wewe."

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Juu, penye jina la mama, pakatokea kwamba anaandika. Pakaacha. Pakatokea tena, kwa muda mrefu kidogo, pakaacha.

Bibi alibisha mlango akauliza kama tiketi imenunuliwa. Uliana akasema mama hajajibu. Bibi akasema labda ameitwa kazini, mashine zile hazisubiri mtu, na akarudi jikoni akiburuta mguu.

Saa kumi na moja ikafika, ikapita bila jibu la mama. Uliana alibaki palepale na simu mapajani, anaigusa kioo kila kikitaka kuzimika.