Kipande cha Moto

Bibiana alianza kupeta pumba saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini, na hadi saa tatu chenga alizopata hazikujaza kikombe cha chai. Pumba hazina mwenyewe. Mwenye mashine huwaacha wanawake wazipekue kabla lori la wachoma tofali halijaja kuzizoa. Kila mmoja ana kona yake ya lundo. Kila mmoja amefunga kanga puani, na hakuna anayeongea sana, maana vumbi lile likishaingia kooni halitoki siku nzima.

Minza alichuchumaa kando ya mama yake. Alikuwa amevaa gauni la kwenda redioni. Aliponyoosha mkono kuchukua ungo, mama akauvuta kwake.

"Utachafuka, mayu, mwanangu. Nenda. Ukaongee vizuri kule."

"Nikaongee nini?"

"Si watakuuliza? Utajibu." Bibiana alipuliza ungo, akageuza uso upepo usimrudishie. "Ila uitaje Mgudeni. Jumatatu hii hapa."

Jumatatu kamati ya wilaya ingekaa. Watu wa kitongoji cha Mgudeni waliochomewa nyumba mwezi wa nane walikuwa wameomba kuandikwa, na atakayeandikwa angepewa shamba upande wa Mchombe kabla ya mvua. Asiyeandikwa abaki alipo. Bibiana alikuwa amebaki alipo kwa miezi mitatu sasa, kwenye chumba kimoja na bintiye na wanawake wengine wawili, naye alikuwa mtu aliyezoea kulala akisikia ng'ombe wakicheua nje ya ukuta.

Ildefonce alikuwa akimsubiri Minza mlangoni kwa redio. Shati alikuwa amelipiga pasi upande wa mbele tu. Huyu ndiye aliyeongoza filamu aliyoigiza Minza. Siku za kawaida alipiga picha za harusi na kipaimara, na kila alichobakiza kilienda kwenye filamu zake, ambazo hakuna kampuni iliyowahi kuzigusa.

"Wataulizia kile kipande," alisema. "Niachie mimi."

Minza alimpita, akaingia ndani.

Kile kipande. Mwezi wa nane Ildefonce alikwenda Mgudeni na vijana sita waliovaa makoti ya kijani ya mtumba, kuigiza habari ya watu wanaohamishwa. Alikaa siku tatu. Kitongoji kizima kikawa cha filamu. Wanawake walifundishwa kukimbia bila kuitazama kamera. Wazee waligombana nani avutwe na askari. Siku ya tatu walichoma kibanda kibovu cha Bibiana, kile alichowahi kufugia mbuzi, naye Minza akaangua kilio mbele ya moto. Alilia vizuri mpaka jirani akamletea maji.

Asubuhi ya siku ya nne yakaja magari mawili. Wakashuka watu waliovaa kijani. Hakuna aliyekimbia. Watu walitoka na vigoda. Mama mmoja alimrudisha mwanawe ndani akabadilishe kaptula, aonekane msafi. Hakuna aliyetoa gunia, hakuna aliyetoa blanketi, wala cheti cha ubatizo, wala ile karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji iliyosema familia hii imelima hapa tangu mwaka fulani. Vyote vilikuwa ndani wakati watu wako nje wanatazama. Ildefonce ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu vijana wake sita walikuwa nyuma yake wanakunywa uji. Kamera ilikuwa tayari kwenye miguu yake mitatu. Hakupiga kelele. Alibonyeza.

"Karibuni tena kwenye Nyuma ya Kamera," Rosemery mtangazaji alisema, sauti yake ikiwa nene kuliko mwili wake. "Leo sina wageni, nina watu wa nyumbani. Kaka Ilde, filamu huru. Huna mfadhili, huna kampuni. Unawezaje?"

"Kwa njaa," Ildefonce alisema. Rosemery akacheka. "Kweli tena. Taa yangu ni jua. Likiingia mawinguni tunakaa tunakula mihogo, likitoka tunaendelea. Waigizaji wangu ni wakulima, siwezi kuwaita wakati wa kupalilia. Kwenye filamu zangu hata mapenzi yanasubiri mavuno. Hata mtu akitakiwa kufa, anavuna kwanza."

"Haya! Na Minza? Wewe ulianzia wapi?"

Minza alisogelea kipaza sauti. Kilinuka mate ya watu wengine. "Kanisani. Igizo la Pasaka. Nilikuwa mwanamke wa tatu kaburini."

"Wa tatu! Alisema nini huyo wa tatu?"

"Hakusema kitu. Alibeba chupa ya manukato."

"Na wewe ukaibeba."

"Ilikuwa chupa ya mafuta ya taa. Niliibeba kama manukato."

Rosemery alipiga meza kwa kiganja. "Mmesikia, wanafunzi wa sanaa mnaonisikiliza? Chuo chenyewe ndicho hicho. Sasa, swali ninaloulizwa kila nikipita sokoni. Filamu yenu imeonyeshwa kwenye mabanda yote ya video hapa mjini, na kila mtu anazungumzia kipande cha moto. Yule mama. Anaanza akicheka, halafu uso unabadilika kidogokidogo, yaani kama maziwa yanayoganda. Kaka Ilde, mwanamke wa shamba, hajawahi kuona kamera. Ulimfundishaje?"

Ildefonce alijikuna shingo. "Mazoezi," alisema. "Na uvumilivu. Mwongozaji usimharakishe mtu. Unaiacha kamera imngoje."

Minza alimtazama. Ildefonce alikuwa akitazama waya za mezani.

"Hakufundishwa," Minza alisema.

"Enhe?"

"Yule ni mama yangu. Ile nyumba ni yetu. Siku tatu zilizotangulia walikuwa waigizaji, lakini siku hiyo walikuja askari wenyewe. Mama hakujua. Mpunga ulikuwa ndani, magunia kumi na manne. Uso wake ulibadilika pale alipojua."

Kidole cha Rosemery kilisogea taratibu kwenye mashine iliyokuwa mbele yake.

"Wasikilizaji wangu," alisema kwa furaha ileile, "mmemsikia huyo? Miezi mitatu imepita na bado hajatoka kwenye uhusika! Hiki ndicho kipaji. Msiende mbali."

Muziki ukapanda. Rosemery akavua vifaa vya masikioni, akamsogezea Minza chupa yake ya maji.

"Kunywa, mdogo wangu."

"Kwa nini umesema vile, dada?"

"Redio hii ina vibali vinne. Vyote vinne vinapita meza moja, na mwenye meza hiyo saa hizi anatusikiliza, maana kipindi hiki anakipenda." Hakusema kwa hasira. "Mimi nimekuamini, ndiyo maana nikakufunika. Tukirudi hewani nitauliza mambo ya mavazi. Tafadhali."

Waliporudi hewani aliuliza mambo ya mavazi.

Nje, Ildefonce alitembea mbele yake mpaka kwenye pikipiki, kisha akageuka.

"Tulikubaliana nini, Minza?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza."

"Ulisaini."

Ni kweli alisaini. Bila kibali filamu isingeonyeshwa popote, na ukurasa wa mwisho wa fomu ya kibali ulikuwa na mstari wa mwongozaji na mstari wa mwigizaji mkuu, chini ya maneno yasemayo kwamba watu na matukio yote katika kazi hii ni ya kubuni. Kila filamu ina maneno hayo, Ildefonce alimwambia siku ile, ni utaratibu tu. Minza alisaini juu ya tanki la pikipiki hii hii, akasifiwa kwa mwandiko wake.

"Kesho kutwa mama anakwenda mbele ya kamati," alisema. "Karatasi zote ziliungua. Ushahidi uliopo ni hicho kipande."

"Najua."

"Basi njoo uwaambie."

Ildefonce alipangusa kiti cha pikipiki, ambacho hakikuwa na vumbi. "Kama ni kweli, nimepiga picha operesheni ya serikali bila ruhusa. Wataniuliza nani alinituma, na kamera wataichukua. Kama ni kubuni, nimetengeneza filamu. Wewe ungechagua lipi?" Alitia ufunguo. "Mimi naitaka ile kamera, Minza. Sina kingine ninachokijua."

Jumatatu hakuja.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na pazia la bluu. Mwenyekiti wake, Bwana Nickolaus, alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Bibiana alipoitwa, alinyanyuka kidogo kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu ukae. Umetoka mbali?"

"Hapo mashineni tu."

"Pole na kazi." Akaigeuza kompyuta ndogo ili wote waone. "Nimeambiwa ushahidi wako ni huu, kama wa wenzako. Tuutazame pamoja."

Kwenye kioo Bibiana alitoka nyumbani kwake na kigoda, akikifuta kwa upindo wa kanga. Alikuwa mnene kuliko sasa. Alikiweka chini, akamtazama askari aliyekuwa anawasha kiberiti, akacheka meno yote nje. "Leo mmependeza kuliko jana," alimwambia. "Anzeni na hilo zizi, hii ya huku ina mpunga."

Wajumbe wawili walicheka, si kwa ubaya. Bwana Nickolaus akakisimamisha kipande.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unacheka."

"Nacheka."

"Nyumba inataka kuchomwa, na wewe unawaonyesha pa kuanzia."

"Nilidhani ni wale vijana wa filamu, baba. Walikuwa wamekuja siku tatu, tumewazoea. Mmoja nilikuwa namwita mkwe."

"Kwa hiyo akilini mwako ilikuwa filamu."

"Ndiyo, baba. Mwanzoni."

"Andika," Bwana Nickolaus alimwambia katibu. "Shahidi amekiri kuwa akilini mwake ilikuwa filamu."

Minza alisimama huko nyuma. "Mwenyekiti, amesema mwanzoni."

"Wewe ni nani?"

"Mwanawe."

"Ah, staringi!" Uso wa Bwana Nickolaus uling'aa kweli. "Nilikusikia redioni Jumamosi. Mke wangu alisema huyu binti atafika mbali. Sogea hapa." Akatoa karatasi kwenye jalada. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Tusomee juu yake."

Minza alisoma. Kanisani walimfundisha kusoma kwa kutoa sauti tumboni, na sauti ilitoka tumboni, safi, mpaka mwisho wa chumba. Watu na matukio yote katika kazi hii ni ya kubuni.

"Asante. Nani alikushika mkono?"

"Hakuna. Lakini bila hiyo kibali kisingetoka. Mtu yeyote anayetaka filamu yake ionyeshwe anasaini, iwe kweli iwe nini."

"Kwa hiyo uliidanganya ofisi."

Minza alifungua mdomo. Akikubali, amedanganya ofisi. Akikataa, mama hakuunguliwa. Bwana Nickolaus akampa muda wa kutosha kabisa, kisha akamwonyesha kiti kwa upole.

"Sisi si watu wabaya, mama," alisema, akimrudia Bibiana. "Tunataka haki ya kila mtu ionekane. Umeandikisha hapa magunia kumi na manne, nyumba mbili, blanketi. Lakini nina mashaka, nikuambie kama mwanao. Huku mwisho wa kipande unalia. Nimekitazama mara tatu, kinasisimua. Unakaa chini, unashika kichwa, mtu mwenye moyo hawezi kutazama. Leo umefika kwetu, umesimulia habari ileile, na jicho kavu. Kamati ichukue lipi?"

"Nimeshalia, baba," Bibiana alisema. "Ya kulia ilikuwa siku ile."

"Ndiyo, lakini siku ile kulikuwa na kamera."

Mjumbe mmoja, mwanamke wa karibu na dirisha, alicheka kidogo akasema, "Si alie basi, tulinganishe." Alisema kama utani. Kisha akawatazama wenzake, na hakuna aliyecheka naye, na utani ukabaki pale mezani kama pendekezo.

Bwana Nickolaus alifikiri. "Si lazima," alisema. "Nisieleweke vibaya. Hatuwezi kumlazimisha mtu kulia. Ila kama uchungu upo, mama, kamati iuone. Iandikwe kwamba imeuona."

Katibu alifungua ukurasa mpya.

Bibiana aliinamisha kichwa. Chembe za pumba zilikuwa bado kwenye nywele zake, pembeni mwa kilemba. Kisha akageuka kwenye kiti, polepole, akawatafuta wale waliokaa nyuma mpaka akamwona bintiye. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso aliokuwa nao zile siku tatu, alipokuwa akiuliza mwongozaji anataka nini.

"Mayu," alisema, "nikae chini kama siku ile, au nilie nikiwa nimesimama?"

"Popote utakapoona panafaa, mama," Bwana Nickolaus alisema. Akainuka mwenyewe, akaivuta meza nyuma hatua mbili ili sakafu iwe wazi. Yule mwanamke wa dirishani alikuwa ameshatoa simu yake, anafuta kioo cha kamera yake kwa kidole gumba.