Siku za Namba Hamsini na Nne

Jumanne ya wiki ya pili ya Juni, saa mbili asubuhi, wafanyakazi wanne walianza kubandua nyasi za uwanja wa mpira wa Kimarekani wa shule ya Carrizo Flat ili watandike za plastiki. Walianzia upande wa kusini. Walipofika yadi ya thelathini wakaanza kuokota siku.

Zilikuwa chini ya mizizi, kila moja ukubwa wa kisahani cha kikombe, rangi ya siagi, na bado zilikuwa na vuguvugu. Msimamizi wao alimpigia simu Orval Teague, mtunza uwanja, kumuuliza aziweke wapi. Orval akamwambia aziweke kibandani, karibu na mashine ya kuchorea mistari. Yeye alikuwa akiziokota tangu mwaka wa themanini na moja, kila anapokata nyasi, na alikuwa na maboksi ya viatu yaliyoandikwa namba za jezi.

Jambo hili halikuwa siri mjini petu. Kijana akigongwa kichwa vya kutosha, siku humtoka. Haimtoki ya jana. Ya jana anayo, na atakusimulia mpaka uchoke. Inayomtoka ni ya mbele, ambayo hajaifikia, na kwa kuwa hajaifikia hahisi pengo lolote. Anainuka, anajipangusa, watu wanashangilia. Pengo atalikuta akiwa na miaka arobaini na kitu, mezani, kijiko kikiwa mkononi.

Harlan Stuckey alilikuta akiwa na arobaini na miwili. Alikuwa fundi wa pampu za visima vya mafuta, mtu wa mizaha, na asubuhi moja alikwenda kazini akakaa garini mpaka jioni bila kujua kwa nini yuko pale. Sasa ilikuwa imepita miaka minne. Mkewe, Nelda, alimfunga vifungo vya shati na kumwambia kila asubuhi anaitwa nani. Binti yao, Lorna, alikuwa muuguzi na alikuja kumwona akiwa na sare, kwa hiyo Harlan alimwita dada wa hospitali. Alimshukuru sana kila alipoondoka. Lorna alikuwa na desturi ya kulia kwanza kabla ya kuwasha gari.

Na Lorna alikuwa anaolewa, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa kumi jioni. Nelda alitaka jambo moja tu. Alitaka Harlan amsindikize binti yao mpaka madhabahuni akijua anamsindikiza nani.

Miaka minne ya shule Harlan alivaa jezi hamsini na nne, akasimama katikati ya ulinzi, na kazi yake ilikuwa kumgonga aliyebeba mpira kabla hajapita. Kocha wake alikuwa Dub Pickett. Kocha Dub alikuwa na kipimo. Mchezaji akilala chini asiinuke, alimwendea, akapiga goti, akamwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Kwa miaka thelathini na mmoja alionyesha viwili. Wakubwa waliwafundisha wadogo wiki ya kwanza ya mazoezi, pamoja na kufunga helmeti na kuangukia bega: ukiulizwa, sema viwili. Aliyesema viwili alirudi mchezoni. Kocha alijua kwamba wanajua, na wao walijua kwamba anajua, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu timu ilikuwa ikishinda. Daktari wa mjini alipomuuliza Harlan mwaka huu ni mwaka gani, Harlan alijibu viwili, kwa sauti kubwa, akataka kuinuka.

Nelda alikwenda kibandani Alhamisi.

“Hamsini na nne,” alisema.

“Nilijua utakuja, bibie.” Orval alishusha boksi. “Zipo kumi na moja. Nyingine zimeliwa na chokaa, usije ukanilaumu.”

“Mimi natafuta Jumamosi moja tu.”

“Kila anayeingia hapa anatafuta moja tu. Weka sikioni usikilize.”

Nelda alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akazisikiliza moja moja. Katika ya kwanza mvua ilikuwa ikinyesha na Harlan akipiga mluzi. Katika ya pili alikuwa akigombana na televisheni. Ya tatu ilikuwa chakula cha jioni, sahani na vijiko, na Harlan akimuuliza mgongo unaendeleaje. Hiyo Nelda aliisikiliza mara mbili. Mbili zilizofuata zilikuwa zimekufa, zilitoa mvumo tu. Katika ya nane kilisikika kinanda cha kanisani, na sauti ya Lorna ikinong'ona, “Baba, unanikanyaga gauni.”

Nelda akaziba mdomo kwa mkono.

“Ndiyo hiyo?” aliuliza Orval.

“Ndiyo yenyewe.”

Orval aliichukua akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. “Ina ufa. Itafika saa nane mchana, nane na nusu ikijitahidi. Saa kumi haifiki.”

“Basi harusi itakuwa asubuhi.”

“Muwekee ndani ya kofia, kabla hajanywa kahawa. Na uiweke siku hiyo hiyo. Siku haivaliki ila tarehe yake.”

“Na hii ya chakula cha jioni?”

“Hiyo ni ya Machi, miaka mitatu iliyopita. Imeshapita, mama. Maji yakimwagika hayazoleki.”

Hata hivyo Nelda aliondoka nayo, akaitia mfukoni mwa aproni.

Harusi ikahamishiwa saa nne asubuhi. Kadi zilichapishwa upya. Walionung'unika ni wale wa kuchoma nyama, kwa kuwa kidari cha ng'ombe kinakaa kwenye moshi saa kumi na nne, na sasa ilibidi wawashe moto Ijumaa usiku, timu ikicheza ugenini.

Jumamosi alfajiri Nelda aliiweka ile siku ndani ya kofia ya Harlan na kumvisha. Harlan akanywa kahawa. Akaiegemea meza kwa kiwiko.

“Nelda, mguu wa meza hii bado unacheza? Si nilikwambia nitautengeneza?”

Ilikuwa miaka minne tangu alipolitaja jina la Nelda bila kuambiwa.

Kanisani wanaume hawaingii na kofia, na hilo ndilo lililowakera baadhi ya watu. Mchungaji alilitolea ruhusa mwenyewe, mbele ya wote. Harlan alimshika Lorna mkono, wakatembea.

“Baba, unanikanyaga gauni.”

“Unakimbia, Lorna. Punguza mwendo. Nimekuja kukusindikiza mimi, si kukimbia mbio.”

Lorna akapunguza mwendo mpaka mpiga kinanda akalazimika kurudia wimbo. Alilia njia nzima na hakujifuta. Nelda, kwenye benchi la mbele, alipata kile alichokitaka, chote, na furaha ile ilimuuma kifuani kama mtu aliyemeza maji ya barafu.

Saa sita walikuwa ukumbini. Nelda alikuwa ameweka viti viwili nyuma, karibu na pipa la chai baridi, akihesabu kwamba wana saa mbili. Alikuwa na mambo ya kumwambia mume wake. Ndipo Kocha Dub akaingia na mkongojo wake, miaka sabini na tisa, na ukumbi mzima ukasimama.

“Hamsini na nne!” alipaza sauti. “Robo ya nne, tunacheza na Mercer, imebaki dakika moja. Wamebakiza yadi ngapi wafunge?”

“Nne, Kocha!” alisema Harlan. “Yadi nne tu, na wanakuja kwangu!”

Wanaume wakasogeza sahani. Wakapanga vikopo vya chumvi kumi na moja upande huu, chupa za pilipili kumi na moja upande ule. Harlan alikuwa akivisogeza, akicheka, akifuta machozi, na bwana harusi mwenyewe alikuwa ameinama mezani. Nelda alikaa kwenye kiti chake. Saa nane kasoro robo akamwendea.

“Harlan. Muda wetu unakwisha.”

“Dakika moja, mpenzi.”

“Unajua ni nini kilichokupata? Unajua ni mchezo huu huu?”

Harlan alimtazama kwa macho yake ya zamani, yaliyotulia. “Najua, Nelda. Leo najua kila kitu.”

“Na ungejua wakati ule?”

“Ningecheza,” alisema Harlan, na akasogeza kikopo. Hakutaka kumuumiza. Alimuumiza sana.

Saa nane na dakika ishirini mkono wake ulisimama hewani. Alikitazama kikopo alichokishika, akawatazama wanaume, kisha akamgeukia Nelda na kumuuliza kwa adabu kama chumvi hii ni ya kwake. Kocha Dub alivaa kofia yake akaenda kutafuta nyama. Lorna alitoka nje na gauni lake jeupe akaenda kukaa garini.

Ijumaa iliyofuata uwanja mpya ulifunguliwa. Nelda alimkalisha Harlan mahali pao pa siku zote. Mabao yalikuwa yakikaribiana. Nyasi za plastiki hazinywi kitu, kwa hiyo siku zilizodondoka zilibaki juu, zikimetameta, na wachezaji walizikwepa wasiteleze. Kila robo ilipokwisha Orval alizipuliza kwa mashine ya kupulizia majani mpaka kwenye uzio.

Katika robo ya tatu kijana wa jezi ishirini na moja aligongwa, akalala, akainuka. Moja ikamtoka, ikabingirika hadi kwenye mstari wa pembeni. Mama yake, Wynona Ledbetter, alikuwa safu ya mbele ya Nelda akitikisa kengele ya ng'ombe.

Nelda alisimama, akamgusa bega. “Wynona, mwanao ameangusha siku.”

“Nimeiona.”

“Iko pale pale, mstarini. Ukishuka sasa hivi unaipata.”

“Tumezidiwa pointi tatu, Nelda, na mpira ni wetu. Kaa chini, unawaziba wenzako nyuma.”

Nelda alitazama nyuma, akaona ni kweli anawaziba. Akakaa.