Karatasi ya Kalunde

Kila Mbithe aliporudi kutoka Konza, mumewe alimwuliza swali moja tu: kama kule kumenyesha. Mwalimu Nzau hakuwa na ng'ombe Konza wala shamba. Alikuwa na binti, Kalunde, fundi wa cherehani karibu na stesheni ya reli, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwao Kola kwa miaka saba. Mbithe alimjua mumewe nje ndani. Alijibu la mvua kwanza, kisha huku akifungua leso akaongeza mengine kana kwamba anajisemea: kwamba mtoto amenunua cherehani ya pili, kwamba amekonda kidogo, kwamba juzi alicheka mpaka akaketi chini. Nzau alisikiliza hayo yote akijifanya anasoma gazeti la juzi. Alitamani kumwona mwanawe kiasi cha kuumwa kifua, na hilo asingelitamka hata angeshikiwa panga.

Mwaka huo wa 1998, mwalimu mkuu, Bwana Bartholomew Muindi, alimpokonya Kidato cha Nne A akampa B. Kwa miaka ishirini Nzau alikuwa mwalimu wa hesabu wa vichwa, wale wa kuandikwa kwenye ubao wa heshima ofisini. Sasa vichwa vikaenda kwa kijana aliyetoka chuo kikuu majuzi, na mzee akabaki na watu wa katikati. Niseme ukweli, B si darasa la wajinga. Wajinga wana bahati yao, huonewa huruma. Wa katikati hupata thelathini na nane leo na arobaini na moja kesho, na mwalimu humaliza nao mwaka mzima bila kujua jina la yule anayeketi karibu na dirisha. Nzau alilichukua darasa lile kama tusi.

Alianza nao kwa njia aliyoizoea: kanuni ubaoni, mifano mitatu, mazoezi ishirini. Akaweka na sheria yake iliyojulikana mpaka shule za jirani, kwamba daftari lake lazima ling'ae. Mwanafunzi aliyeandika kisha akakata alichapwa kiboko kimoja kwa kila mstari uliokatwa. Mtihani wa mwezi wa sita ulipokuja, wastani wa darasa ulikuwa ishirini na tisa, lakini madaftari yalikuwa masafi ajabu.

Jumatano moja ya Julai aliingia darasani akiwa amechoka, hana hamu ya kanuni yoyote. Akachukua chaki akaandika swali bila kulifundisha kwanza. Mwethya wa watu thelathini ulichimba matuta ya urefu wa mita mia moja na mbili. Kila mwanamume alichimba mita tano na kila mwanamke mita tatu. Wanaume walikuwa wangapi?

Mwethya hakuna asiyeujua Kola. Mama zao wote hutoka asubuhi na majembe kuchimbiana mashamba kwa zamu.

"Sitaki x, sitaki y," aliwaambia. "Fikirieni tu."

Wakatazamana. Walikuwa wameambiwa mambo mengi katika maisha yao ya shule, lakini hilo lilikuwa geni. Baada ya dakika kumi hivi Nzau alianza kupita kati ya madawati, mikono mgongoni. Karibu na dirisha alimkuta Syokau, binti ya Ndambuki wa mashine ya kusaga. Katika ukurasa mzima mweupe alikuwa ameandika kitu kimoja tu: wanaume sita.

Lilikuwa jibu sahihi. Nzau akahisi ile hasira yake ya zamani ikipanda.

"Umetoa wapi hii?"

"Nimefikiria, mwalimu."

Maneno hayo alikuwa amewahi kuambiwa, na mtu mwingine, kwa sauti ya chini vilevile. Ndiyo maana hakumwuliza ni nani aliyemnong'onezea. Alisema polepole, "Basi nionyeshe ulivyofikiria. Kazi yako iko wapi?"

Syokau akainamisha kichwa. Kisha akatoa mguu nje ya dawati na kuteremsha soksi. Kuanzia gotini kushuka, kwenye ngozi iliyopauka kwa baridi kavu ya Julai, kulikuwa na tarakimu nyeupe zilizochorwa kwa ncha ya mwiba. Tisini. Kumi na mbili. Mbili. Sita.

"Nilisema kwanza wote wakuwe wanawake," alieleza. "Thelathini mara tatu ni tisini. Inabaki mita kumi na mbili. Kila mwanaume anapita mwanamke na mita mbili, kwa hivyo wako sita." Kisha akaongeza, "Na hao sita ni wengi, mwalimu. Kwetu huja wawili, na mmoja huja kula."

Darasa likacheka. Nzau hakucheka.

"Kwa nini unaandika kwa mguu na daftari liko hapa?"

"Si ulisema hutaki uchafu kwa kitabu? Ukikosea kwa mguu unapaka mate tu, inaisha."

Aliinua macho akaona wengine wakivuta soksi juu haraka. Akawaambia watoe miguu. Wakaitoa mmoja mmoja kwa aibu, na karibu kila mguu ulikuwa na hesabu. Nyingine zilikuwa zimeanza vizuri zikapotea njiani, nyingine zilikosewa mara mbili tatu kabla ya kunyooka, na zote zilionyesha mtu aliyekuwa akifikiri. Hesabu za darasa lile zilikuwa zikioshwa kila jioni kwa maji ya beseni, na yeye alikuwa akisahihisha kilichobaki.

Alitoka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Huko akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu.

Mwaka 1991 Kalunde alikuwa Kidato cha Tatu, katika shule hiyo hiyo na katika darasa la baba yake mwenyewe. Aliketi kati ya vichwa kwa ajili ya baba, lakini naye alikuwa wa katikati, na Nzau alilionea hilo haya. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofanywa, aliketi kusahihisha akafika karatasi ya mwanawe. Yalikuwa majibu matupu, bila hatua hata moja. La kwanza sahihi, la pili sahihi, mpaka la sita. Maswali na majibu yake vilikuwa vimelala nyumbani ndani ya mkoba wa Nzau wiki nzima. Alipofika la sita alikuwa amekwisha kuamua. Akapiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe na kuandika sifuri.

Kesho yake asubuhi alimtoa mbele ya shule nzima kwenye paredi, akasema mwizi ni mwizi hata akiwa ametoka nyumbani kwa mwalimu. Alipomwuliza majibu aliyatoa wapi, Kalunde alisema, "Nimefikiria." Shule ikacheka, na Nzau akacheka nayo. Mchana huo msichana alichukua begi lake akaenda Konza kwa dada ya mama yake, na hakurudi. Miaka saba Nzau alijituliza kwamba alitenda haki na haki ilimgharimu. Sasa akakumbuka jinsi Mbithe alivyokuwa akilalamika kuhusu zile soksi ndefu ambazo mtoto hakuzivua hata katika jua la Januari.

Kuanzia siku iliyofuata aliipindua sheria. Aliyeleta ukurasa msafi alirudishwa akauchafue. Swali likawa moja kwa kipindi kizima, na kabla ya mtu yeyote kutaja jibu, Nzau aliuliza, "Ulianzia wapi? Ulipokwama ulifanya nini?" Njia zilizokosewa zilibaki ubaoni pamoja na zilizofaulu, na aliyekosea alisimama akaeleza alipopotelea. Bwana Muindi alipita akasema ubao ule ni kama umeparuliwa na kuku. Lakini katika mtihani wa majaribio wa Septemba wastani wa B ulifika arobaini na saba, na Syokau akapata hamsini na nane. Yule kijana wa A akaja kwa upole kuuliza mzee anatumia kitabu gani.

Furaha hiyo ilimchoma. Kila mtoto aliposema, "Nimefikiria," Nzau alimkumbuka mmoja ambaye hakuwepo. Alitaka kumsikia yeye, kwa kinywa chake, akieleza alivyofikiri. Jumamosi tano mfululizo alivaa koti la kwenda Konza, na Jumamosi tano akaishia shambani akipalilia na koti. Ya sita, Mbithe alimkabidhi kofia yake mlangoni.

"Nenda ujionee mwenyewe kama kumenyesha," alisema.

Alimkuta Kalunde amesimama mezani, chaki mkononi, akipima kitambaa cha sare. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne sasa, mwenye paji la uso la Nzau mwenyewe. Mkono wenye chaki ulisimama.

"Habari, Mwalimu," alisema.

Hakumwita Baba. Nzau alilipokea hilo, alijua amejitakia mwenyewe.

"Hukuiba," alisema. "Nimejua. Ulikuwa ukiandika kwa mguu."

"Mimi nimejua miaka hiyo yote kwamba sikuiba. Kwangu hiyo si habari."

Maneno aliyoyapanga tangu Kola yakamtoka kichwani. Aliomba msamaha kwa sentensi moja fupi. Kalunde alirudi kwenye kitambaa chake. Nzau angeweza kuondoka hapo. Badala yake akasema kitu ambacho hakukipanga.

"Niko na swali. Yale maswali ya mtihani wako nayajua kwa moyo. La nne, la matangi mawili. Ulianzia wapi?"

Kalunde alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akasogeza kitambaa, akachora matangi mawili juu ya mbao za meza.

"Nilianzia mwisho," alisema. "Walisema jioni maji yamebaki sawa katika yote mawili, basi nikayarudisha yalikotoka, debe kwa debe, mpaka nikafika asubuhi."

Nzau hakuwa amewahi kumfundisha hivyo. Hakuwa amewahi kumfundisha mtu yeyote hivyo. Akauliza la tano, naye akamweleza. Akauliza la sita. Mteja mmoja aliingia na sketi ya kupunguzwa, akasubiri, akaambiwa arudi jioni. Meza ilijaa chaki, na sauti ya Kalunde ilikuwa imeanza kwenda mbio kama zamani alipokuwa mdogo akisimulia ya shuleni. Nzau akainama karibu zaidi, asipitwe na neno.

"Na la saba?"

Kalunde akaweka chaki chini.

"La saba nilikosea."

"Ulikosea?"

"Na la tisa. Niligundua siku ileile nikirudi nyumbani. Ungesahihisha mpaka mwisho ungeyaona." Alipangusa vidole kwenye sketi yake, na alipoendelea hakumtazama. "Asubuhi ile ya paredi uliponiita mbele nilikuja mbio, Baba. Nilidhani unaniita unionyeshe nilipokosea."