Meno Kwenye Shina la Kangaga

...na akipaka gundi upande huu, wenye madoa, mambo yameisha hapahapa, nani atajua ni makusudi, watasema mama wa watu kachoka, lakini brashi bado iko hewani, gundi inaning'inia kwenye ncha, na kangaga limelala kifudifudi juu ya gazeti, jepesi kama ganda la kitunguu, na nyuma yake Daktari wa mimea anaongea na simu, anacheka, "Mwambie mama mkwe wako ajiandae, jina lake litakaa vitabuni hata sisi tukishazikwa," mama mkwe wa mfadhili, kikongwe ambaye mlima hajaukanyaga hata kwa ndoto, wakati jina lilishaahidiwa, mchana kweupe, mbele ya wabeba mizigo wote, "Ukiniteremshia lile jani, mzee wangu, litaitwa kwa jina lako, haki ya nani," Daktari mwenyewe akiwa chini, kavaa koti la mvua na kikombe cha chai mkononi, na yule mume wake wa nyumbani, mbeba mizigo naye, alivyo, ukimsifu kidogo tu anapanda hata ukuta wa kioo, akapanda jiwe linalochuruzika maji, mikono yote miwili imeshika mwamba, jani kaling'ata kwa shina lake, na hivyo ndivyo alivyoporomoka, nyonga ikavunjika, jani likabaki mdomoni, zima, hata madoa hayakupukutika... "Mama Gundi, kile kitepe usisahau!" ndiyo, Daktari, kitepe, asubuhi kaelekezwa, zile alama za meno kwenye shina zizibwe kwa kitepe cha karatasi, zinaharibu sura, ...na nyumbani mtu amelala kwenye godoro, akisikia tu mlango anauliza, "Mke wangu, limeshapata jina?" bado, "Lakini Daktari aliapa," kunywa dawa, baba, na watoto wao pacha, wanaojua kudhihaki, wanamwita Profesa Kangaga, naye anacheka, anafurahia kabisa, kawafundisha kwamba kangaga halina ua wala tunda, uzazi wake ni vumbi lililo kwenye vidoa vya chini ya jani, na makangaga yote ya mlima ule vidoa vyake vimejipanga ukingoni kama pindo la sketi, ila hili peke yake limevipanga katikati, pembeni mwa mshipa, ndiyo maana ni jipya, "la baba yenu hilo," anawaambia, na yeye mke yuko jikoni anasikia, anaosha sufuria kwa hasira, kwa sababu nani alikutuma, mwanamume mzima, nani alikutuma... "Hapana, hapana, nililipata mwenyewe, pabaya kweli pale," Daktari anasema kwenye simu, nililipata, kwa meno ya nani, lakini nyamaza, kazi hii ya kubandika mimea kwenye karatasi za kabatini ndiyo inayopikia watu, basi bandika tu, madoa chini, yamezwe na gundi, jani ni moja, mlimani hawakuona jingine, mama mkwe wa mtu akose na Daktari akose, ...halafu? halafu bila madoa litaonekana kama ndugu zake wa kila mtoni, litatiwa kabatini pamoja nao, na nyonga ya mtu itakuwa imevunjikia jani ambalo hata mbuzi hulipita, hapana, hilo hapana, hawatamfanya mume wake mjinga mara mbili, wala yeye hatawasaidia kumfanya, ...analigeuza jani kwa kibano, taratibu, gundi ipakwe upande wa pili, madoa yaje juu, yaonekane, liwe jipya, liitwe watakavyo, na shina nalo hilo, vishimo vyake viwili vya juu na kimoja cha chini, pale kwenye pengo la jino, vya mtu wake, hata kipofu angevijua kwa kidole, kitepe kitakaa huku chini kabisa, pasipo na kitu, na wakiuliza atasema hapa ndipo shina lilipo dhaifu, na leo akifika nyumbani, likija lile swali, hatasema bado, amechoka na bado, atakaa kwenye ukingo wa godoro amwambie, jina wamempa mwingine, baba, usilingoje tena, ila meno yako yamo, sikuyaziba, naye akitaka kulia na alie, chai itakuwa tayari... "Mama Gundi, bado tu?" bado, Daktari, na gundi bado inaning'inia kwenye ncha ya brashi.