Uzi wa Zambarau kwenye Kiota

Majilio yalipoingia, yale majuma ya kuingojea Krismasi, altare ilivaa kitambaa cha mwaka jana, kimepauka hadi aibu, na kila muumini alijua sababu. Mshonaji wao alikuwa nyumbani. Kiharusi kilimpiga wakati wa kiangazi, kikamwachia ulimi na miguu, kikaondoka na mkono wa kulia. Na mshonaji asiye na mkono ni nani, jamani? Hilo ndilo swali alilolala nalo na kuamka nalo.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amehamia pale kumpikia na kumchokoza. Asubuhi moja alimwekea mapajani kitambaa kipya cha altare, cha zambarau, rangi ya Majilio.

"Jaribu kwa kushoto, wifi. Hata upindo tu."

Akajaribu. Mishono ikaenda upogo, uzi ukapiga mafundo, sindano ikamchoma. Akafumua yote kwa meno, akazitupa nyuzi dirishani.

"Mungu kachukua mkono, sasa anataka na kitambaa? Mwambie kanisani siendi tena."

Wifi mtu akaenda zake kuchambua mboga.

Kwenye mti wa uani, karibu na dirisha, mnana alikuwa akisuka kiota. Ni yule ndege wa manjano, mwenye makelele kuliko ukubwa wake. Mama wa watu hakuwa na kazi nyingine, akawa anamtazama. Dume alisuka wee, akaning'inia kichwa chini, akapiga mabawa kuita mke. Jike akaja, akaingia, akavuta unyasi huu na ule, akaondoka bila hata kuaga.

"Kaachwa," mshonaji alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue, alicheka kidogo.

"Nawe si ulimkataa kaka yangu mara ya kwanza?" wifi akadakia toka jikoni. "Mbona alirudi?"

Dume akakifumua kiota chote, tawi likabaki tupu. Haya, mshonaji akasema moyoni, sasa tumekuwa wawili.

Kulipokucha, akamkuta ndege yuko kazini. Anaanza upya, kama hakuna lililotokea, na pete ya kwanza ya nyasi imeshafungwa. Mkono hana, wa kulia wala wa kushoto. Ana mdomo wa kupitishia unyasi, na mguu wa kuukanyaga usiteleze. Na kwenye ile pete, katikati ya nyasi mbichi, ulipita uzi wa zambarau. Uzi wake. Ule alioufumua kwa hasira.

Alilia hapo dirishani, na hakulia kwa uchungu. Alilia kama mtu aliyedhani amesahauliwa, kisha akasikia anaitwa kwa jina lake.

"Wifi," aliita, "kile kitambaa umekiweka wapi?"

Akakitandaza mezani. Akauinua mkono mfu kwa ule mzima, akaulaza juu ya kitambaa ukizuie, kama ule mguu wa mnana. Kumbe ulikuwa bado na kazi. Sindano akaishika kwa kushoto, wifi akamtungia uzi, wakaanza. Alishona, akafumua, akashona tena, haba na haba, na mnana naye kule nje hakulala.

Jumapili ya mwisho ya Majilio altare ilikuwa imevaa kitambaa kipya. Mawifi wawili walikaa benchi la mbele.

"Upindo wako unatembea kama mlevi," wifi alimnong'oneza.

"Uache utembee. Ulikuwa umelala."

Wifi akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Mshonaji akauchukua mkono wake wa kulia, akauweka juu ya wa kushoto, akasema asante. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba, kama si usumbufu, jike wa yule mnana naye akubali. Walipofika nyumbani, jike alikuwa ndani ya kiota, kichwa kikichungulia nje, na hakuondoka.