Mwenyekiti wa Siku Nne

Kwa miaka kumi na tisa Naibu alikuwa naibu, na jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika hata na mama mkwe wake. Barua zote za idara ya mizani na vipimo zilipita mezani kwake, zote akazitia sahihi, lakini juu ya sahihi aliandika herufi tatu: kny, yaani kwa niaba ya. Mkuu akisafiri, kny. Mkuu akiumwa jino, kny. Mkuu akiwapo ofisini, mzima wa afya, anasoma gazeti, kny vilevile, maana Mkuu hakupenda kuchafua vidole kwa wino. Nyumbani hali haikuwa tofauti sana. Mkewe ndiye aliyekata shauri juu ya rangi ya kuta, shule za watoto na shati la Jumatatu, na Naibu akaafiki.

Sasa Mkuu alikuwa anastaafu, na Naibu aliitwa makao makuu kwenye usaili wa kumrithi. Alikitaka cheo kile mpaka usingizini. Hakukitaka kwa sababu ya gari wala kiti cha ngozi. Alitaka kabla hajazeeka aweke sahihi moja tu iliyo yake. Usaili ulikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, na barua ya wito iliagiza kila msailiwa ajiandae kueleza uamuzi mmoja alioufanya mwenyewe, na matokeo yake. Naibu alikaa na sentensi hiyo wiki mbili. Aliipekua miaka kumi na tisa yote asipate kitu. Aliwahi kuhamisha kabati la mafaili kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, lakini alipokumbuka vizuri, hilo lilikuwa wazo la mfagiaji.

Hata mahali pa kulala hakuchagua. Yeye alizoea hoteli, ambako siku zote alipewa chumba kinachopakana na jenereta, akalala, akaamka, akaondoka bila mtu kujua kuwa alikuwapo. Binti yake akasema hoteli ni za watu wasio na mawazo. Akamtafutia kwenye simu nyumba ya wageni ndani ya jengo wanaloishi watu, "nyumba yenye haiba na samani zenye historia," akalipia siku nne, Jumanne hadi Ijumaa. Naibu akaafiki.

Haiba ilianzia mlangoni. Ili kuingia ulikiinua kitasa, ukasukuma kwa bega, ukaomba msamaha kwa jirani kwa kishindo. Sebuleni mlikuwa na saa tatu za ukutani, kila moja na wakati wake. Kuta zilijaa picha za harusi za watu wasiojulikana, wote wamenuna. Meza ya kulia ilikuwa cherehani ya kukanyaga iliyowekewa ubao, na mtu akila akijisahau, miguu yake ilianza kushona hewa. Kochi lilikuwa na bonde katikati, alilolichimba marehemu mume wa mwenye nyumba kwa miaka thelathini ya kukaa, na yeyote aliyeketi pembeni aliteremka taratibu mpaka bondeni. Historia ya samani ndiyo hiyo.

Mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Mama Funguo kwa sababu ya mtungo wa funguo uliomning'inia kiunoni, alihamia kwa dada yake mlango wa pili ili hapa pakae wageni. Alimtembeza Naibu jikoni akamwonyesha jiko, birika na droo ya vijiko. Ndani ya droo, katikati ya vijiko na uma, palikuwa na muhuri wa mpira na daftari.

"Hivyo ni vya kwako," alimwambia. "Wewe ndiye mwenyekiti."

Naibu alidhani ametaniwa, akacheka. Mama Funguo hakucheka. Akamweleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi kwamba zamani wakaaji wa jengo waligombea uenyekiti wa kamati mpaka wakarushiana viatu ngazini. Ili amani ipatikane, wakaandika katiba, na kwa kuwa mume wake ndiye pekee asiyerusha kiatu, wakaandika kwamba mwenyekiti ni mkaaji wa nyumba namba nne, yaani hii. Mume akafa, nyumba ikawa ya wageni. Kubadilisha katiba kunahitaji mwenyekiti aitishe mkutano wa kubadilisha katiba, na hajatokea mwenyekiti aliyekaa zaidi ya wiki. Hivyo jengo limeongozwa na msimamizi wa mitihani, na mpiga picha wa ndege, na maharusi wawili wa fungate walioendesha kikao wakiwa wameshikana mikono. Wote walikuwa viongozi wazuri. Walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakasema suala liangaliwe, wakaondoka saa nne asubuhi na kuacha funguo chini ya zulia.

Jioni ile ile mlango ukaanza kugongwa. Mmoja alishtaki viatu vilivyoachwa ngazini, mwingine redio ya jirani, wa tatu hakuwa na shtaka, alikuja tu kumwamkia mwenyekiti mpya. Katibu wa kamati, mzee wa ghorofa ya chini waliyemwita Mzee Kifungu kwa kuwa alikariri katiba yote na hakukosa kifungu cha kila jambo, alisimama Naibu alipoingia sebuleni. Alisimama, wima, na goti lake bovu. Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kumwinukia Naibu, isipokuwa kwenye basi, kwa kudhani ni mzee.

Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba. Kilemba cha ukoka alivishwa naye akakikaza mwenyewe. Jumatano asubuhi alifunga tai kwenda kutupa taka. Akawa anashuka ngazi polepole, mkono mmoja nyuma, na neno "Mwenyekiti" likimfikia kutoka nyuma hakugeuka mara ya kwanza, alisubiri la pili. Makaratasi ya usaili yalilala juu ya cherehani bila kuguswa.

Ndipo alipokutana na Nesi. Alikuwa mwanamke wa makamo, bado na sare yake ya kazi ya usiku, anapanda na ndoo mbili za maji kwenda ghorofa ya nne anakoishi na mama yake mgonjwa wa kitandani. Naibu alimpokea ndoo moja. Kufika juu alikuwa anahema, na huyo mwenzake alikuwa hajamaliza, alibakiza safari nyingine mbili. Akauliza, akajibiwa bila malalamiko, kama mtu anayesoma bei sokoni. Maji yapo, ila hayapandi. Nyumba za chini zina koki yao kubwa, na ikiwa wazi, juu hakifiki kitu. Wakiifunga kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi, ghorofa ya nne wanapata maji ya kutwa. Suala liko kwenye ajenda tangu mwaka juzi. Linaangaliwa.

"Mama yangu huoga kwa kikombe," alisema Nesi. "Kabla ya kuugua alikuwa mkunga. Aliosha watoto wa mji huu wote."

Maneno hayo yalimkaa Naibu rohoni. Yeye ni mtu wa vipimo. Kikombe anakijua ni ujazo gani. Katiba ilidai taarifa ya siku mbili, basi akaitisha kikao Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya usaili. Alipiga hesabu kwamba nusu saa ingetosha, na kwa siri alijua pia kwamba angekwenda mbele ya jopo na jibu la lile swali lao mkononi. Kwa hiyo haikuwa huruma tupu, lakini ilikuwamo.

Mzee Kifungu hakubisha. Alikuja kikaoni mapema, ameoga vizuri kwa maji mengi, na daftari kwapani. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Wakaaji wengine walibanana kwenye kochi na kuporomokeana bondeni. Kikao kikafunguliwa, na katibu akaomba, kwa mujibu wa kifungu cha sita, asome kumbukumbu za kikao kilichopita. Akasoma. Kwa kuwa kikao kilichopita hakikuthibitisha kumbukumbu za kilichotangulia, akasoma na hizo. Alisoma majina ya waliohudhuria na waliotoa udhuru, na udhuru wenyewe. Alisoma kwa sauti nzuri, anapumzika kwenye kila nukta kama anakunywa chai. Saa ya ukutani ya kwanza ilisema saa moja, ya pili saa sita, na ya mkononi ya Naibu ilisema saa tatu na robo. Makao makuu yalikuwa mwendo wa dakika arobaini.

Naibu alikohoa akaomba katibu afupishe. Katibu alisikitika kwamba hakuna kifungu cha kufupisha. Naibu akasema basi ana udhuru, ana usaili, hana budi kutoka.

"Hapana shida, Mwenyekiti," alisema Mzee Kifungu kwa upole. "Mwenyekiti akitoka, kikao kimevunjika. Ajenda atakabidhiwa mgeni wa leo. Anafika saa nane mchana."

Watu wa chini walikwisha kuanza kuinuka, wanapangusa suruali. Naibu alimtazama Nesi, akitegemea atamwona amekasirika, maana hasira ingemrahisishia kuondoka. Nesi alikuwa amelala. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, kidevu kifuani, mikono imepakatwa, analala usingizi wa mtu aliyesimama usiku kucha. Ili kumpa taarifa kwamba suala liangaliwe, ingebidi kwanza amwamshe.

Naibu akasimama. 

"Kaeni," alisema. "Koki ya chini itafungwa kila siku, saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Ufunguo wake atakaa nao Nesi. Nimeamua."

Mzee Kifungu akavua miwani.

"Umeamua, Mwenyekiti, au unapendekeza?"

"Nimeamua."

Mzee alifungua katiba akaanza kutafuta ni wapi jambo hilo limekatazwa. Alipitia ukurasa kwa ukurasa, wakaaji wakimsubiri, na saa tatu na nusu ikapita, na saa nne kasorobo. Halikukatazwa popote. Walioandika hawakuwahi kulifikiria. Daftari likaletwa mbele ya mwenyekiti, na kalamu. Mkono wa Naibu, kwa mazoea yake, ukaandika k. Aliikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, kisha akaandika pembeni majina yake yote matatu, pamoja na la babu, akagonga muhuri. Saa nne kamili ilimkuta bado anakausha wino kwa pumzi.

Makao makuu alifika saa tano kasoro, tai mgongoni, shati limelowa. Jopo lilikuwa limekwisha kuinuka. Karani wa mapokezi alimweleza kwamba mtu aliyechelewa anaruhusiwa kuandika barua ya kujieleza, ipitie kwa Mkuu wa idara yake. Naibu aliwaza kwamba barua zinazopitia kwa Mkuu huandikwa na Naibu, akaziachia ngazi za makao makuu kicheko kibaya. Lakini safari nzima ya kurudi hakucheka. Ilimuuma hasa. Alikuwa amesubiri mlango ule miaka kumi na tisa, na siku ulipofunguliwa alikuwa anajadili koki.

Nyumbani alisema tu kwamba alichelewa. Mkewe alimpa vipande vyake kwa siku mbili mfululizo. Mtu kuchelewa usaili wa maisha yake, na saa anayo mkononi? Naibu akaafiki. Cheo kikaenda kwa mtu wa idara nyingine, kijana kijana, mwenye tabasamu, ambaye wiki ya kwanza alimwita Naibu ofisini na kumweleza kwamba yeye na wino hawapatani.

Wiki ya tatu, wakiwa mezani mchana wa Jumapili, simu ya binti ikalia. Nyumba zile za wageni zina desturi hiyo: mgeni huipa nyumba alama, na mwenye nyumba naye humpa mgeni. Mama Funguo alikuwa ameandika, amechelewa lakini ameandika kwa kirefu. Binti akasoma kwa sauti.

"Mgeni msafi na mpole, aliosha vyombo vyote. Ila wenye nyumba wenzangu mjihadhari naye, anaamua. Alitufungia koki akaondoka. Uamuzi wa mwenyekiti hutenguliwa na mwenyekiti mwingine, na tangu hapo tumepokea wageni tisa, katibu anawapigia magoti, kila mmoja anasema suala liangaliwe. Ghorofa ya nne wanaoga. Ya chini wananuna. Nampa nyota tatu."

Binti akacheka, akasema wamemchanganya baba na mtu mwingine. Mkewe hakucheka. Aliichukua simu, akavaa miwani, akasoma mwenyewe, midomo ikimcheza. Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa miaka ishirini na miwili.

"Hiki kikao chao kilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili," alisema Naibu.

"Na usaili saa nne."

"Saa nne."

Mkewe akaiweka simu chini. "Kwa hiyo hukuchelewa."

"Sikuchelewa," alisema Naibu.

Mkewe akachukua upawa, akaujaza mchuzi, akaupeleka juu ya sahani ya mumewe bila kuuliza, kama alivyofanya kila siku tangu waoane. Kabla hajamimina, mkono ukasimama hewani.

"Nikuongeze?" aliuliza.