Kilio Kilichotoka kwa Spika

Hii maneno niliambiwa na Mbinya mwenyewe, binti ya dada yangu, mwezi wa nne mwaka huu, tukichambua ndengu kwake karibu na Kyumbi. Alieleza mara moja tu, na mimi sikumuuliza tena.

Bwana yake, Bartholomew, alikuwa amelala ndani tangu Krismasi. Vumbi la mawe ya Lukenya, kule alichonga mawe miaka mingi, lilikuwa limemkalia kifuani. Akitoka kitandani kufika mlangoni anahema kama amepanda kilima. Hospitali alikataa kabisa. Mbinya akambembeleza kila siku, "Baba Muli, utapona, mimi najua." Mwishowe mzee akasema haya, kwa vile ni wewe umesema, Jumatatu twende.

Sasa kijana wao, Muli, kazi yake ni kutengeneza muziki ya filamu za kuogofya, ile inaanza polepole mlango ukifunguka, na wewe hapo kwa kiti moyo unagonga. Anaifanya kwa kompyuta, chumbani kwake hapo nyumbani. Wenye filamu walitaka kilio cha mama, cha kweli.

"Mwaitu, nililie kidogo tu," akamwambia mama yake.

"Nilie na baba yako yuko hai? Unaniitia kifo nyumbani?"

"Si hapa. Twende kule kwa shimo la mawe, hakuna mtu atasikia."

Akaenda, mtoto ni wako utafanya nini. Alidhani atalia ya uongo. Lakini kufungua mdomo, kikatoka kile alikuwa anameza tangu Krismasi. "Baba Muli, mbona umeniacha? Nitabaki na nani?" Muli akaacha simu irekodi. Hakumzuia.

Ijumaa, Mbinya akiwa sokoni, Muli akaweka kilio hicho juu ya ngoma nzito, akafungulia spika kubwa ajue kama itatingisha watu. Mawazo yake yote yalikuwa kwa ngoma. Hakukumbuka kwamba kwetu mama akilia hivyo mchana, watu hawaulizi. Wanakuja.

Jirani yao Kasiva akafika mbio, leso kiunoni, na sukari mkononi. Wanaume wakaleta turubai. Mzee Munyao wa kanisa akaanza kuomba hapo uani, "Mungu, mpokee ndugu yetu Bartholomew, alikuwa mtu mpole, hakumnyima mtu..." Muli hasikii kitu, spika imejaa chumba.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bartholomew akasimama hapo, blanketi begani.

Kasiva akapiga nduru.

"Munyao," mzee akasema akihema, "unadanganya Mungu. Wewe nilikunyima ng'ombe za kulima."

Wengine wakacheka, kicheko cha kutetemeka. Halafu wakageuza vichwa, kwa sababu kilio kilikuwa bado kinatoka chumbani kwa Muli, na sasa kila mtu alisikia maneno yake.

Hapo Mbinya akaingia na kikapu. Hakumwona bwana yake mlangoni, aliona turubai tu. Nyanya zikamwagika. "Baba Muli, mbona umeniacha!" Sauti mbili, ya spika na yake, maneno ni yale yale.

Bartholomew akamwangalia.

"Kumbe ulishanilia."

"Si hivyo, Baba Muli! Hiyo ni ya filamu, muulize mtoto."

"Filamu? Mimi nakujua."

Muli akazima. Watu wakabaki wamesimama. Kitu kikishaletwa kwa matanga hakirudi nyumbani, na Kasiva alikuwa ameshika sukari yake akiangalia chini.

"Wacha hapo," Bartholomew akamwambia. "Itatumika."

Akarudi kitandani. Uji ukaletwa, akageukia ukuta. Jumatatu gari ikaja ya kumpeleka hospitali Machakos.

"Mwambie dereva arudi," akasema. "Unanipeleka wapi, na wewe ulishanimaliza?"

Mbinya akaomba mpaka sauti ikakauka. Muli akapiga magoti, akasema amefuta kila kitu. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Ungeacha. Mama yako analia vizuri."

Gari ikaenda tupu.

Giza lilipoingia Bartholomew akalala, kisha Muli, pale pale sakafuni. Mbinya akakaa kando ya kitanda akisikiliza pumzi ya bwana yake. Inaenda, inasimama, inarudi. Aliogopa kufunga macho. Mwishowe usingizi ukamchukua akiwa ameketi, mkono wake juu ya kifua cha mzee.